Kuzungusha Kurasa Teule za Faili: Suala la Hati za Lubumbashi

Mwaka 1965 André Yav aliandika Vocabulaire de ville d'Elisabethville, historia ya mji ambao leo ni Lubumbashi, kwa ajili ya chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani. Maandishi hayo hayakufuata tahajia sanifu, wala hayakutenga maneno kwa utaratibu mmoja. Johannes Fabian, aliyeyachapisha mwaka 1990, alisaidiwa na Kalundi Mango, ambaye aliyasoma kwa sauti ndipo yakaeleweka. Hati za namna hii zinapopigwa picha na kutiwa katika faili la PDF, ukurasa uliolala ubavu si kero ya macho tu. Programu ya kutambua herufi isiyorekebisha mwelekeo hutoa takataka, na katika Kiswahili cha Katanga kisio sanifu ni vigumu kubahatisha neno lililopotea.

Maktaba ya pypdf, itumikayo katika lugha ya Python, ina funksheni iitwayo "rotate". Ukurasa ambao kichwa chake kimeelekea kushoto huandikiwa ukurasa.rotate(90), nao hugeuka kwa kufuata mishale ya saa. Uliolalia kulia hupewa 270. Pembe sharti iwe kigawe cha 90. Funksheni haigusi picha: hubadili namba moja tu katika maelezo ya ukurasa, hivyo ubora haupungui.

Ugumu umo katika kuteua. Kompyuta huanza kuhesabu kwa 0. Mtafiti wa Bel-Air anayetaka kurasa za 12, 13 na 27 za faili huandika 11, 12 na 26. Namba zilizopigwa chapa karatasini hazitegemeki, kwani jalada nalo huhesabiwa. Isitoshe, funksheni hujumlisha: ikiendeshwa tena juu ya faili lililokwisha kurekebishwa, ukurasa hulala ubavu tena, safari hii upande wa pili.

Kurasa zisizozungushwa nazo lazima ziongezwe kwenye faili jipya. Wanaoanza huzisahau mara nyingi. Jina la faili jipya liwe tofauti, maana umeme ukikatika katikati ya kuhifadhi, jambo lisilo geni Lubumbashi, faili asilia hubaki salama.

Baadhi ya zana zinazochomoa picha moja kwa moja kutoka katika PDF huipuuza namba hiyo ya mzunguko. Hapo haina budi picha yenyewe izungushwe kabla ya kusomwa.