Maua Yaliyoliwa na Ng'ombe

Aliyewahi kuandika andiko la mradi analijua lile jedwali la shughuli: mwezi wa kwanza hiki, wa pili kile, na pembeni safu ya fedha. Satyajit Ray hakuwa nalo. Mwaka 1952, akiwa mchoraji wa matangazo ya biashara mjini Calcutta, alikuwa na daftari la michoro tu, tukio baada ya tukio, la filamu aliyotaka kuitengeneza kutokana na riwaya ya Bibhutibhushan Bandyopadhyay: Pather Panchali, yaani Wimbo wa Njia. Mpigapicha wake, Subrata Mitra, alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu ambaye hajawahi kuishika kamera ya filamu.

Walianza Oktoba, wakipiga picha siku za mapumziko, maana siku za kazi Ray alikuwa ofisini. Walipiga picha za watoto wawili, Apu na dada yake Durga, kwenye uwanda wa majani marefu yenye maua meupe. Tukio likabaki nusu. Waliporudi wiki iliyofuata wakakuta uwanda mtupu, ng'ombe wameyala maua yote. Ikabidi wangoje mwaka mzima yachanue tena.

Pale pale uwandani kulikuwa na kazi nyingine. Apu alitakiwa amtafute dada yake: aende, asite, ageuze shingo, aende tena. Subir Banerjee, mtoto asiyejua uigizaji, akatembea wima kama askari wa gwaride. Ray hakumfokea wala hakumhubiria. Alitawanya vijiti njiani ili mtoto awe anaviruka, akawaficha wasaidizi wake majanini, huku na huku, wamwite kwa zamu. Shingo ikageuka yenyewe. Hata mbwa alifanyiwa hila: alipokataa kuwafuata watoto nyuma ya muuza peremende, Durga alishika kipande cha tamutamu mkononi, mkono ukawa nyuma ya mgongo.

Fedha zikakatika. Ray aliweka rehani bima yake ya maisha, vito vya mkewe Bijoya vikafuata, na kazi ikalala kwa miezi mingi. Muuza peremende akafariki. Mbwa naye akafa. Ray alikuja kusema kwamba waliokolewa na miujiza mitatu: sauti ya Apu haikuvunjika, Durga hakukua, na bibi Chunibala Devi, mwigizaji wa umri wa miaka 80 hivi, hakufa kabla ya kumaliza sehemu yake.

Mwishowe serikali ya jimbo la West Bengal ikatoa fedha. Inasimuliwa kwamba ziliandikwa kwenye fungu la kuboresha barabara, kwa sababu ya lile neno "njia" kwenye jina. Sijui barabara nyingine ya serikali ambayo baada ya miaka 70 haina shimo hata moja.

Mfadhili akifika, hafiki mikono mitupu. Wakubwa hawakuupenda mwisho wa hadithi: Durga amekufa, nyumba imebomolewa na dhoruba, familia inahama kwa mkokoteni. Kwa nini wasibaki, wajenge upya, kijiji kiendelee? Hapo Ray alikataa. Alikuwa amekubali kucheleweshwa, kubadilishiwa mbwa, hata kunyang'anywa maua na ng'ombe. Mwisho wa hadithi ambayo Wabengali waliijua vizuri hakuubadilisha, na kwangu mimi hapo ndipo alipostahili kuitwa mwongozaji. Familia inaondoka, na nyoka anaingia taratibu katika nyumba waliyoiacha.

Filamu ilionyeshwa New York Mei 1955, Calcutta Agosti mwaka huohuo, ikatuzwa Cannes mwaka 1956. Chunibala Devi hakuiona ikizinduliwa.

Ukiipata, mwangalie vizuri muuza peremende. Pale anapoipa kamera mgongo, huyo ni mtu mwingine.