Mkoba wa Baiskeli Usioteleza

Askari mwenye baiskeli yake, awe anakaa kambi ya Mbuya au Makindye, au katika nyumba za polisi za Naguru na Nsambya, hana haja ya kununua mkoba wa dukani. Kipande cha turubai kuukuu, uzi wa nailoni na fundi viatu mwenye msharasi mkali vyatosha kumpatia mkoba wa kuning'inia nyuma ya kiti, mwingine wa kujaza pembetatu ya fremu, na wa tatu wa kufungwa mbele ya usukani. Mikoba ya namna hii yaweza kuishi miaka mingi. Ina ugonjwa mmoja tu, nao ni kuteleza.

Mahali pa nchi tambarare ugonjwa huu ni kero ndogo. Kampala si mahali pa nchi tambarare. Mtu ashukaye Namirembe kuelekea Nakivubo asubuhi, magari yakimbana kushoto na kulia, akikamata breki ghafula, mzigo wake wote husukumwa mbele. Mkoba wa usukani ukiteremka hata vidole viwili, waweza kugusa gurudumu la mbele. Na kamba yake ikinaswa na njiti za gurudumu, baiskeli husimama hapo hapo ilhali mwendeshaji angali anakwenda. Ule wa kiti ukilegea hupepesuka huku na huko na kuitikisa baiskeli nzima. Kwa hiyo jambo hili halihusu unadhifu peke yake.

Mtu akiona mkoba unateleza, jambo la kwanza alifanyalo ni kukaza. Hukaza mkanda hadi mkono unauma, akaenda zake, na baada ya kilomita tatu mkoba umerudi pale pale. Sababu yake si ngumu kuielewa. Bomba la fremu ni la mviringo, limepakwa rangi, tena laini. Mkanda wa nailoni nao ni laini. Vitu viwili laini havishikani vizuri hata vikibanwa kwa nguvu. Zaidi ya hayo, kila gurudumu liingiapo shimoni, mzigo huruka kidogo, na katika kuruka huko mkanda hupoteza mkazo wake kwa nukta moja. Nukta hiyo ndiyo uitumiayo kusogea. Basi dawa ni kuupa mkoba kitu cha kuegemea na kitu cha kuushika, kisha ndipo kukaza kutakapokuwa na maana.

Walio hodari wa kazi hii hawako mbali nasi. Mchuuzi wa matoke aingiaye mjini kutoka Wakiso hufunga mikungu kadhaa juu ya keria moja, akaipitisha katika barabara zilizochimbika, na mikungu ikafika sokoni ilivyoondoka. Hana mkanda wa gharama. Ana vipande virefu vya tyubu iliyokwisha kazi, basi. Hutandaza mzigo sawasawa pande zote mbili, huanza kufunga kwenye chuma cha keria penyewe, huuzungusha mpira mara nyingi huku akiuvuta, kisha hupitisha mshazari juu ya mzigo kutoka pembe hii hadi pembe ile. Mpira uliovutwa hutaka kurudi katika urefu wake. Kwa hiyo mzigo ukijipunguza kwa kutikisika, mpira huufuata. Kamba haifanyi hivyo. Kamba ya katani hukaza ikilowa na kulegea ikikauka, na ile ya nailoni hurefuka kidogo ikilowa mvua. Askari aliyefunga mzigo asubuhi ya masika asishangae kuukuta umelegea adhuhuri.

Tukitazama historia ya majeshi, twaona kwamba hata wanajeshi walilazimika kulifikiria jambo hili. Mwaka 1897 askari weusi 20 wa Kikosi cha 25 cha askari wa miguu wa Marekani, wakiongozwa na Luteni James Moss, waliendesha baiskeli kutoka Fort Missoula, Montana, hadi St. Louis, Missouri. Waliondoka tarehe 14 Juni wakafika tarehe 24 Julai, mwendo wa maili zipatazo 1,900, yaani zaidi ya kilomita 3,000, katika matope, mchanga na milima. Blanketi na kipande cha hema vilikunjwa na kufungwa mbele kwenye usukani. Vitu vingine viliwekwa ndani ya kasha gumu lililotengenezwa kwa kipimo cha fremu. Hilo kasha ndilo la kuangaliwa. Kitu kilichokatwa kwa umbo la pembetatu kinachokaa ndani yake hakina pa kwenda; mikanda yake hukizuia tu kisitoke upande.

Wavietnam nao, katika vita vya Dien Bien Phu mwaka 1954, walisukuma baiskeli zenye mizigo ya zaidi ya kilo 200 kila moja kupitia njia za milimani. Fremu zilikazwa kwa mianzi, na mti mrefu ulifungwa kwenye usukani ili mtu aweze kuongoza akitembea ubavuni. Hawakupanda. Yafaa ndugu askari anayetaka kubeba magunia mawili na mtoto juu yake alizingatie hilo.

Sasa turudi kwenye mikoba yetu.

Anza na tyubu. Ya lori au ya baiskeli yote ni mamoja, mradi haijapasuka-pasuka kwa jua wala kulainika kwa mafuta. Ipasue kwa urefu, uioshe ndani kwa sabuni, maana humo mna unga mweupe uliowekwa kiwandani ili mpira usigandamane, na unga huo huo ndio utakaokutelezesha. Ikikauka, kata vipande vya upana wa vidole vitatu, uvizungushe kwenye bomba la fremu kila mahali patakapopita mkanda wa mkoba, ukivuta sana, na mwisho wake uufunge kwa uzi. Mkanda ukikaa juu ya mpira, si juu ya rangi, tofauti utaiona siku ya kwanza. Rangi ya baiskeli nayo itasalimika.

Pili, funga panapozuia. Bomba lina sehemu laini na sehemu zenye kituo: maungio ya mabomba, kikamatio cha nguzo ya kiti, vyuma vilivyo chini ya kiti, skrubu za keria. Mkanda ulio nyuma ya kituo hauwezi kukivuka. Mkoba wa fremu uwe na mikanda isiyopungua mitatu, juu, mbele na chini, kila mmoja ukivuta upande wake. Mikanda miwili inayovuta upande mmoja ni sawa na mkanda mmoja mpana.

Mkoba wa kiti huleta taabu kwa sababu ya kilichomo kuliko kwa sababu ya mikanda. Mtu huweka bisibisi, spana na kopo la nyama mkiani, kisha huilaumu turubai. Vizito viwe karibu na nguzo ya kiti, na mkiani ziwe nguo. Ujazwe hadi ushibe, kwani mkoba ulio nusu tupu hauna umbo, na kisicho na umbo hakifungiki. Kata ubavu wa jerikeni ya plastiki iliyochakaa, uutie ndani chini kama ubao wa kuuimarisha. Halafu mkanda mmoja utoke kwenye tumbo la mkoba hadi kwenye nguzo ya kiti, uvutwe kuelekea mbele. Huo ndio unaokomesha kupepesuka.

Kuhusu mkoba wa usukani naomba tuwe wakali. Baiskeli nyingi nyeusi za kizamani, zile ndefu tuzijuazo sote, hazina nyaya za breki. Zina vyuma vyembamba vinavyopita chini ya usukani na kushuka hadi magurudumuni. Mkoba ukivikandamiza, breki ama haitashika, ama itashika na isiachie. Weka vipande viwili vya mbao au mpira mnene kati ya mkoba na usukani, ili vyuma vipate nafasi ya kucheza. Kisha fungia pia chini, kwenye bomba la kichwa cha fremu, mkoba usije ukaruka. Mkoba wa mbele ubebe vyepesi tu, kama koti la mvua na blanketi. Apakiaye kilo kumi hapo atasikia usukani ukimwamuru mahali pa kwenda.

Wako wapendao kutia kulabu za waya kwenye ncha za mipira. Zafaa, lakini kulabu ikichopoka mpira ukiwa umevutwa huruka kwa nguvu, na mara nyingi njia yake ni ya macho. Fundo la kawaida ni salama zaidi, na ncha yake ichomekwe ndani, isining'inie karibu na cheni.

Kabla ya safari inua gurudumu la nyuma shubiri moja na uliachie lianguke, mara tatu. Fanya vivyo hivyo mbele. Zungusha usukani hadi mwisho kushoto na kulia, kamata breki zote mbili, na utazame kama kidole chako kinapita kati ya kila mkoba na gurudumu. Ukiwa njiani, tuseme watoka Bombo kuja Kampala, simama baada ya kilomita ya kwanza na ukaze tena, kwa kuwa vitu vilivyomo ndani ya mkoba vitakuwa vimeshajipanga vyenyewe. Baada ya hapo kaza tena kila usimamapo kunywa maji, na mvua ikinyesha usingoje kiu.