Tuusikilize Mto Ruvu

Ukame si adui wa pekee wa maji ya Ruvu. Yuko adui mwingine, mchanga, ambaye husafiri chini chini mahali jicho lisipofika.

Ndugu zetu wa Dutumi na Mlandizi waujua vema mto huu. Hutoka milima ya Uluguru, hupita Kibaha na kuingia baharini karibu na Bagamoyo. Ndio unaonywesha Dar es Salaam, kwa mtambo wa Ruvu Juu uliojengwa mwaka 1959 na wa Ruvu Chini wa mwaka 1976.

Jicho lisipofika, sikio hufika. Mwaka 1826 Colladon na Sturm walipiga kengele chini ya maji ya ziwa la Geneva, wakaona sauti hukimbia mita 1,435 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya mwendo wake hewani. Leo wataalamu huzamisha haidrofoni, chombo cha kusikilizia majini, wakayasikia mawe yakigongana: makubwa kwa sauti nzito, kokoto kwa sauti nyembamba. Lakini mto si bahari. Penye kina kifupi sauti nzito haifiki mbali, na mapovu huimeza hata hiyo nyembamba.

Bondeni, mchanga laini na tope havina kelele hiyo. Hapo chombo chenyewe hutoa sauti nyembamba mno, isiyosikika kwa sikio la mtu. Chembe zilizomo majini huirudisha, na kwa nguvu ya mwangwi wingi wake hukadiriwa, usiku na mchana, hata wakati wa mafuriko ambapo hakuna mtu awezaye kusimama mtoni. Hata hivyo sharti maji yatekwe, yachujwe na kupimwa, ndipo mwangwi upate maana.

Faida ya kazi hii ni haki. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli za kudumu, na zile ziwezazo kuharibu, ndani ya mita 60 za kingo za mto. Sheria hiyo ni njema, na yatupasa kuitii. Lakini mkulima wa Dutumi asilaumiwe kwa kukisia tu. Je, tope latoka shambani kwake, kwenye machimbo ya mchanga, au milimani? Kipimo cha juu ya shamba na cha chini yake ndicho kitakachojibu.

Basi twasema: vyombo viwekwe mtoni, na hesabu zake zisomwe kwa Kiswahili katika mikutano ya vijiji. Mwenye kuulinda mto ana haki ya kujua mto wasema nini.