Usimamizi wa Bidhaa Zilizokwisha Muda wa Matumizi katika Toroli la Dharura la Hospitali

Utangulizi

Toroli la dharura ni kabati lenye magurudumu linalowekwa wodini ili mgonjwa ambaye moyo wake umesimama, au aliyeshindwa kupumua, ahudumiwe palepale alipo. Droo zake hubeba dawa kama adrenalini, atropini, haidrokotisoni na glukosi, pamoja na kanula, mabomba ya kupitishia hewa na vifaa vingine tasa. Inapogunduliwa kwamba baadhi ya vitu hivyo vimekwisha muda, lawama humwangukia muuguzi wa zamu. Makala haya yanaonesha kwamba tatizo hilo huanza kabla ya uzembe wa mtu yeyote: chanzo chake ni bidhaa kuwekwa mahali ambapo hazitoki.

Chanzo cha tatizo

Stoo ya dawa huongozwa na kanuni kwamba kinachokwisha muda mapema ndicho kinachotangulia kutolewa. Kanuni hii hufanya kazi pale tu bidhaa zinapotumika. Katika toroli la dharura, bidhaa huwekwa kwa matumaini kwamba hazitahitajika. Wodi tulivu inaweza kupitisha miezi mingi bila kulifungua toroli lake kwa ajili ya mgonjwa; kwa hiyo, utulivu huohuo ndio unaoziacha dawa zizeeke bila kuonekana.

Aidha, tarehe iliyochapwa kwenye kifungashio ina masharti yake. Inapotajwa mwezi na mwaka pekee, kwa kawaida bidhaa hutumika hadi siku ya mwisho ya mwezi huo, ila tu kama imehifadhiwa inavyotakiwa. Adrenalini huharibiwa na mwanga, joto na hewa. Ampuli ambayo dawa yake imegeuka rangi ya waridi au kahawia haifai hata kama tarehe haijafika. Suksamethoniamu hutakiwa kukaa kwenye jokofu lenye nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi. Ikihamishiwa torolini, tarehe ya kutolewa kwenye jokofu huna budi kuandikwa, kwa kuwa ile ya kiwandani haitoshi tena. Pedi za mashine ya kushtua moyo nazo hukauka jeli, na kifaa tasa hupoteza utasa kifungashio chake kinapochanika.

Ni kweli kwamba mpango ulioanzishwa nchini Marekani mwaka 1986 kwa ajili ya akiba za kijeshi umethibitisha kuwa dawa nyingi hubaki na nguvu baada ya tarehe yake kupita. Hata hivyo, dawa hizo zilitunzwa katika maghala yenye hali inayodhibitiwa, na muda uliongezwa baada ya matoleo husika kupimwa maabara. Wodi haina ghala la namna hiyo wala kipimo hicho, hivyo haiwezi kujiongezea muda kwa kuegemea matokeo hayo.

Utaratibu unaofaa

Hospitali nyingi hufunga toroli kwa lakiri ya plastiki yenye namba, na muuguzi huhakiki namba hiyo kila zamu. Lakiri huthibitisha kwamba toroli halijafunguliwa. Haithibitishi kwamba vilivyomo bado vinafaa. Kasoro hii huondolewa kwa kubandika nje ya toroli karatasi inayotaja bidhaa itakayotangulia kwisha muda na tarehe yake. Hivyo ukaguzi wa kila zamu huhusu mambo mawili bila droo kufunguliwa.

Hatua ya pili ni kuliingiza toroli katika mzunguko wa stoo. Bidhaa iliyobakiza, kwa mfano, miezi 3 hupelekwa kwenye chumba cha upasuaji au idara ya magonjwa ya dharura, ambako hutumika mara kwa mara, na mahali pake huwekwa mpya. Mfamasia na muuguzi kiongozi hutia saini kwa pamoja, ili jukumu lisielee baina ya stoo na wodi.

Ugumu hujitokeza stoo inapokuwa tupu. Muuguzi akiiacha kimya adrenalini iliyokwisha muda, atakayeitumia hatajua; akiiondoa kimya, atakayefungua droo atakuta pengo mgonjwa akiwa mikononi. Makosa yote mawili huuficha upungufu. Kwa sababu hiyo, Kamati ya Dawa na Tiba ya hospitali inapaswa kuamua mapema wodi ipi itaazimwa, hospitali ipi jirani itaombwa, nani ataarifiwa, na upungufu utaandikwaje juu ya toroli.

Bidhaa iliyoondolewa haitupwi wodini. Nchini Tanzania, uteketezaji wa dawa zisizofaa hufanyika chini ya usimamizi wa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Kabla ya hapo, bidhaa hizo huorodheshwa katika leja na kufungiwa mbali na zile zinazofaa, zisije zikarudi torolini kwa bahati mbaya.

Hitimisho

Kuongeza ukaguzi pekee hakutoshi ikiwa anayekagua hana pa kuzipeleka bidhaa zinazokaribia kwisha muda, wala pa kupata mbadala. Hospitali inayotaka matoroli yake yaaminike huanza kwa kuyafanya kuwa sehemu ya stoo, kisha humpa muuguzi njia ya kutangaza upungufu bila kuogopa adhabu.