Kwa nini mwani wa kijani husitawi maji ya taka yanapofika ufuoni

Wakulima wa mwani wa Kibuyuni na Mkwiro, Kaunti ya Kwale, wanafahamu kero ya mwani wasioupanda unaong'ang'ania kamba zao. Mmoja wao ni Ulva, mwani wa kijani ulio mwembamba kama jani la saladi, ambao pia huota kwenye mawe ya ufuoni. Ukuaji wake hutegemea mambo mawili yakikutana: naitrojeni na mwanga wa jua.

Mwani hauna mizizi ya kunyonya chakula. Hufyonza naitrojeni kwa mwili wote, hasa ikiwa katika umbo la nitrati, inayosombwa na mvua kutoka mashambani, au amonia, inayotokana na mkojo, maji ya vyooni na vitu vinavyooza.

Kuingia ni hatua ya kwanza tu. Nitrati haiwezi kujenga mwili ilivyo. Vimeng'enya huigeuza kwanza kuwa nitriti, kisha amonia, na kazi hiyo ya pili hufanyika ndani ya chembe za kijani zinazonasa jua. Amonia nayo huunganishwa na kaboni iliyotengenezwa kwa nguvu za jua, ndipo protini ipatikane. Usiku, kazi ya kugeuza nitrati hupungua sana. Amonia, isiyohitaji kugeuzwa, huendelea kutumika kwa kiasi kwa nguvu za wanga uliowekwa akiba mchana. Ndiyo maana maji ya vyooni ni chakula chepesi mno kwa mwani huu.

Ulva pia huweka akiba ya naitrojeni. Wakati wa masika, maji yakiwa na tope na mwanga ukiwa hafifu, hufyonza na kungoja. Maji yakitakata, hukua kwa kasi. Rangi yake husema mengi: ukipauka una njaa ya naitrojeni, ukiwa kijani kizito umeshiba.

Katika maji ya kina kifupi, ndani ya mwamba, jua la pwani yetu ni tele. Kinachobaki mikononi mwa wakazi ni naitrojeni. Sehemu kubwa ya ufuo ina mawe ya matumbawe yenye nyufa, hivyo maji ya choo cha shimo kilichochimbwa karibu na bahari hupita upesi hadi ufuoni. Mwani ukizidi, huzibia mwanga nyasi za baharini na mwani wa biashara. Huko Qingdao, China, mwaka 2008, zaidi ya tani milioni 1 za Ulva ziliondolewa kabla ya mashindano ya mashua ya Olimpiki.

Wakulima wanaosafisha kamba maji yakipwa wanashauriwa wasiutupe mwani huo majini. Ubebwe hadi nchi kavu, juu ya mahali maji makuu yanapofika, kwani ukioza majini hurudisha naitrojeni ileile baharini.