Nukta Tano na Mwamvuli wa Lovász

Nukta tano zikipangwa duara, kila moja ikaunganishwa kwa mstari na jirani zake mbili, hupatikana pembetano. Wanahisabati huita mchoro wowote wa nukta na mistari grafu. Umbo lake halina uzito; kinachohesabiwa ni nukta ipi imeungana na ipi. Pembetano, ambayo hata mtoto wa darasa la kwanza huichora, inatosha kuonyesha mahali fizikia ya kwanta inapoachana na mazoea ya kila siku.

Kila nukta huwakilisha swali moja la ndiyo au hapana ambalo chembe huulizwa kwa kipimo cha maabara. Mstari kati ya nukta mbili una maana kwamba maswali hayo huweza kuulizwa pamoja, na kamwe hayapati "ndiyo" yote mawili. Ikiwa chembe ina majibu yake tayari kabla ya kuulizwa, "ndiyo" hazizidi mbili. Ni kama mwenye karamu ambaye majirani zake watano wamejenga kuzunguka uwanja mmoja, na kila mmoja hasemezani na wa kulia kwake wala wa kushoto. Apange atakavyo, akitaka karamu isiyo na ugomvi ataalika wawili tu.

Mwaka 2008, Klyachko, Can, Binicioğlu na Shumovsky walionyesha kuwa kwanta huuvuka mpaka huo. Ukijumlisha uwezekano wa "ndiyo" kwa maswali yote matano, jumla huweza kufika kipeuo cha pili cha 5, yaani karibu 2.236. Hesabu yake huonekana vizuri kwenye mwamvuli wenye mbavu tano. Ukifunguliwa taratibu, hufika mahali ambapo kila ubavu, ukiruka mmoja, unafanya pembe mraba na unaofuata, huku mbavu zote zikiwa nyuzi kama 48 kutoka kwenye mpini. Mbavu ndizo maswali, na zile zenye pembe mraba kati yake ndizo jirani katika grafu. Mpini ndio hali ya chembe. Uwezekano wa kila "ndiyo" ni mraba wa kosini ya nyuzi hizo, takriban 0.447, zidisha kwa tano.

Mwamvuli huo haukubuniwa kwa ajili ya chembe. László Lovász wa Hungaria aliuchora mwaka 1979 akijibu swali la Claude Shannon la mwaka 1956, kuhusu kiasi cha ujumbe kinachoweza kupitishwa kwenye njia ya mawasiliano bila kosa hata moja. Fizikia iliukuta umeshafunguliwa.

Mwaka 2011 watafiti wa Vienna walipima jambo hili kwa fotoni mojamoja, kila moja ikiwa na njia tatu za kupita, na mpaka wa kawaida ukavukwa. Hapakuwa na chembe ya pili ya kusingizia. Tabia hii huitwa utegemezi wa muktadha: jibu haliwezi kudhaniwa lilikuwapo tayari, lilelile, bila kujali swali limeulizwa pamoja na lipi.

Cabello, Severini na Winter waliupanua mtazamo huu mwaka 2014: kila grafu ina namba tatu. Ya kwanza ni mpaka wa kawaida, ya pili ni namba ya Lovász, ambayo ni dari ya kwanta, na ya tatu ni kikomo cha nadharia yoyote inayotii sharti moja tu, kwamba jumla ya uwezekano wa matukio yasiyoweza kutokea pamoja isizidi 1. Kwa pembetano ya tatu ni 2.5, maana kila swali hupewa nusu.

Chembe mbili zilizotenganishwa, alizoandika habari zake John Bell mwaka 1964, huingia humohumo. Jaribio maarufu zaidi la aina hiyo, lenye vipimo viwili kila upande, lina grafu ya nukta nane, na namba zake ni 3, karibu 3.414, na 4. Hapo kwanta hugusa dari. Katika majaribio mengine ya namna hiyo haiifikii, kwa sababu umbali kati ya chembe huongeza masharti ambayo mchoro mtupu hauyaonyeshi.

Si kila grafu yenye siri. Zipo zinazoitwa kamilifu, ambazo namba zake zote tatu ni sawa, na kwanta haina la kuongeza. Mwaka 2006 ilichapishwa ithibati kwamba grafu hukosa ukamilifu pale tu inapoficha ndani yake mzunguko usio na mikato wa nukta tano, saba, tisa na kuendelea, au kinyume cha mzunguko huo. Pembetano ndiyo ndogo kuliko zote. Nukta nne hazitoshi, hata zichorwe vipi.