Chupa Unayotupa Lokori Inaenda kwa Mamba

Hebu tuambiane ukweli. Ukimaliza soda pale Lokori, chupa unaipeleka wapi? Wengi wetu tunairusha tu kwenye mchanga wa mto Kerio. "Si umekauka, kwani iko shida gani?" Hata mimi nilikuwa hivyo.

Shida iko. Subiri mvua inyeshe kule juu Elgeyo Marakwet na Baringo. Kerio hufura ghafla, ukazoa kila kitu hadi Ziwa Turkana. Na ziwa hili halina mto wa kutoka. Maji hupanda na jua, chupa inabaki.

Mwaka jana nilienda Eliye Springs kupiga picha. Chini ya mikoma, ufuoni, nikakuta chupa zile zile tunazonunua kwetu. Nilinyamaza, wallahi.

Sasa fikiria Kisiwa cha Kati, kilicho ndani ya ziwa hilo hilo. Ni kidogo, kama kilomita tano za mraba, lakini kina maziwa matatu kwenye kreta za volkeno. Mamba jike huchimba mchanga wa hapo na kutaga mayai. Flamingo nao hutua. UNESCO ilikiweka kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1997, pamoja na Sibiloi. Mwaka 2018 orodha ikawa ya urithi ulio hatarini, hasa kwa sababu ya bwawa la Gibe III huko Ethiopia, kwenye mto Omo unaoleta maji mengi ya ziwa.

Bwawa hatuwezi kulifungua mimi na wewe. Hiyo ni kazi ya serikali. Lakini chupa je?

Tangu Juni 5, 2020, ni marufuku kuingia na plastiki za kutumia mara moja kwenye mbuga na fuo za Kenya. Askari wa KWS anaweza kukuzuia getini. Chupa iliyobebwa na mafuriko haipiti getini, buda.

Kwa hivyo sikwambii ukodi boti ukafagie kisiwa. Toka na gunia jioni moja, wewe na mabeshte, mpite mtoni. Chupa nzima mpe mama anayeuza maziwa, atazitumia.

Fanyeni sasa Kerio ikiwa kavu. Ikishajaa, mmechelewa.